Kompyuta ya mtumba, Linux na gemu: nifanyavyo mimi hapa Mwembe Tayari

Haipiti wiki bila mtu kupanda ngazi za kibanda changu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, CPU kaikumbatia kama mtoto mgonjwa, akaitua mezani na kuniambia: "Dada fundi, ati hii haikubali Windows 11." Ugonjwa naujua kabla hajakaa kitini. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi tunazouziwa mjini, zile zilizotoka maofisini Uingereza zikapanda meli, zina prosesa za Intel za kizazi cha nne, cha sita au cha saba. Windows 11 inataka kuanzia cha nane. Mashine nzima, haina hata kovu, imegeuzwa kizee kwa tangazo.

Namwambia naweza kuitilia Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ikaendelea kuishi. Anakubali. Hapo kijana aliyekuja naye, aliyekuwa ameinamia simu muda wote, anainua kichwa: "Na gemu je, Anti?"

Miaka kumi iliyopita kijana kama huyo nilikuwa nikimtuliza kwa mabuyu. Siku hizi namrudishia swali: gemu gani? Kazi yote inaanzia hapo, kabla ya kadi, kabla ya flashi, kabla ya amri yoyote.

Gemu gani?

Chukua karatasi uandike gemu tano unazozicheza kweli, si unazozitamani. Kisha ingia tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe huandika gemu fulani imewaendeaje kwenye Linux. Kila gemu ina daraja lake: platinamu, dhahabu, fedha, shaba, na mwisho kabisa ile isiyofunguka. Usiishie kwenye daraja. Shuka chini usome ripoti za watu wenye kadi ya picha kama yako, utazame na tarehe. Ripoti ya miaka mitatu nyuma ni kama bei ya samaki wa juzi. Mara nyingi utamkuta mtu ameandika mstari mmoja tu alioongeza gemu ikafunguka, nawe unaunakili ulivyo.

Gemu za mtu mmoja, za hadithi, za kujenga, za mbio, karibu kila mara zinakwenda. Ukuta uko kwenye gemu za kushindana mtandaoni, na ukuta huo umejengwa na wenye gemu. Gemu hizo zina mlinzi wa kuzuia udanganyifu, vijana humwita anti-chiti, na baadhi ya walinzi hao huzama mpaka kwenye kiini cha Windows. Linux haina kiini hicho, basi mlinzi hana pa kukaa na gemu haifunguki. Valorant ndivyo ilivyo tangu mwanzo. League of Legends watu walikuwa wakiicheza, ikafungwa 2024 ilipotiwa mlinzi yule yule wa Valorant. Apex Legends nayo iliruhusu, kisha mwisho wa Oktoba 2024 ikafunga mlango. GTA V hadithi yake inakwenda vizuri. Ya mtandaoni imezuiwa tangu Septemba 2024.

Inayonikera zaidi ni Fortnite. Mlinzi wake, Easy Anti-Cheat, ni mali ya Epic, wenye Fortnite hao hao, na tangu 2021 mlinzi huyo ana uwezo wa kukaa hata kwenye Linux. Kilichobaki ni mwenye gemu kumruhusu. Wamewapa wengine ufunguo, nyumba yao wenyewe wameiacha imefungwa.

Haya, mpira. Kijana wa Mombasa akitaja gemu, kwanza ujue ana maana ya mpira. EA Sports FC za miaka hii hazifunguki kwenye Linux, hata ukitaka kucheza peke yako na kompyuta, kwa sababu hiyo hiyo ya mlinzi. Hili namwambia mzazi mapema, mbele ya kijana, sijashika bado bisibisi. Mwanzoni niliwahi kulinyamazia nikidhani nitapata njia ya kupenya. Mashine ilirudi kesho yake, na mama mtu akasimama mlangoni akinitazama bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo yao ya Linux. Minecraft ya Java ni kwao kabisa. Roblox, ambayo watoto wa shule ya msingi huiulizia kama chakula, hupitia programu iitwayo Sober, inayoichukua Roblox ya Android ikaiendesha ndani ya Linux. Kama gemu zako tano ziko upande huu, endelea kusoma. Kama tatu kati ya tano zimezuiwa, nunua mashine ya Windows au baki na PS yako, sitakuuzia maneno.

Mashine, na kadi iliyonidanganya

Mashine ninayoitafuta ni i5 ya kizazi cha sita kwenda juu, RAM GB 8, SSD hata ya GB 256. Hicho kizazi cha sita si ushirikina wa fundi. Gemu ya Windows ikija Linux, picha zake hutafsiriwa kwenda lugha iitwayo Vulkan, na picha ya ndani ya Intel ya kizazi cha nne haiimudu Vulkan yote. Ya kizazi cha sita inaimudu. Kwa hapa mjini tofauti ya bei ni elfu chache; zitoe.

Ukiwa utategemea hiyo picha ya ndani bila kadi, angalia RAM ina vijiti vingapi. Viwili vya GB 4 vinashinda kimoja cha GB 8, maana picha ya ndani inakula kwenye RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili ni milango miwili ya kuingilia jikoni. Wauzaji wengi hutia kimoja kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Mwambie akubadilishie.

Na kabla hujalipa, iwashe ujaribu kuingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine inayotangulia Windows. Mashine za ofisini nyingine huja na nywila ya ofisi ile ya Uingereza bado iko ndani, nawe huna wa kumpigia simu.

Kuhusu kadi. CPU hizi nyembamba, slim kama tunavyoziita, hazina nafasi ya kadi ndefu wala waya wa umeme wa kadi. Zinataka kadi ya kimo kifupi inayojitosheleza kwa umeme wa sloti peke yake, usiozidi wati 75. Mimi hutia RX 550. Napenda AMD kwa sababu draiva yake, programu inayoiendesha kadi, imo tayari ndani ya Linux: unachomeka kadi, unafunga boksi, unawasha. Nvidia nayo inakwenda, lakini inataka draiva ya kiwandani, na kadi za zamani huachwa njiani. GTX za ukoo wa 600 na nyingi za 700 zilikomea draiva namba 470, na tafsiri za picha za leo zinataka zaidi ya hapo. Mtu akikuuzia GTX 660 kwa bei ya kukufanya utabasamu, rudisha tabasamu mfukoni.

Mimi mwenyewe nilishaingia mkenge. Nilinunua kadi, duka silitaji, boksi limeandikwa GTX 1050 Ti, kibandiko GTX 1050 Ti, na Windows ya muuzaji ikasoma GTX 1050 Ti. Nikalipa. Nilipofika kibandani nikaitia kwenye mashine, nikawasha Linux kwa flashi, nikaandika:

`sudo dmesg | grep nouveau`

Draiva ya wazi ya kadi za Nvidia, hiyo nouveau, haisomi jina lililoandikwa kwenye kadi. Inaiuliza chipu yenyewe, "wewe nani?" Kwenye skrini likaja jibu: NVIDIA GF116. Nikakaa nikalitazama. 1050 Ti ya kweli hujibu GP107. GP ni ukoo wa 2016. GF ni wa 2010 na 2011, kizee kilichopakwa hina. Mtu aliibadilisha BIOS ya kadi ili idanganye jina lake, na Windows ikamwamini. Nilirudi na picha ya skrini. Muuzaji akaniambia ndivyo ilivyokuja na kontena. Baada ya kuvutana nusu saa nikarudishiwa nusu ya pesa, na kadi ile mpaka leo iko ukutani kwangu, nimeitundikia funguo.

Tangu siku hiyo natembea na flashi ya Linux Mint, aina moja ya Linux, kwenye mkoba. Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo naomba kuiwasha pale pale kaunta, naandika mstari ule, nasoma jibu. Kwa AMD na Intel, `inxi -G` inatosha kukuonyesha kadi na draiva. Muuzaji wa haki hukuachia dakika tano. Asiyekuachia amekujibu.

Jambo moja la hapa kwetu: chumvi. Mashine iliyokaa Nyali au Mji wa Kale miezi minane karibu na dirisha, ikigoma kuwaka au ikajizima katikati ya gemu, usikimbilie kununua RAM. Chomoa vijiti, chukua ufutio wa penseli wa mtoto wa shule, sugua taratibu yale meno ya dhahabu mpaka yang'ae, pangusa, rudisha. Nimeshalipwa mara nyingi kwa kazi hiyo na naona haya kidogo kusema ni ufutio tu.

Kuitia Linux

Hapa sitakaa sana, maana kuitia Linux siku hizi ni rahisi kuliko kuunga mbaazi za nazi. Hamisha picha na hati zako kwanza. Shusha Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inayohudumiwa mpaka 2029. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au Etcher, washa mashine kwa flashi hiyo, fuata maswali. Ukiulizwa kuhusu kodeki za sauti na video, weka tiki. Ikimaliza, fungua Timeshift uhifadhi picha ya mfumo ulivyo, ili siku ukivuruga mambo uweze kuirudisha jana.

Wenye kadi ya AMD ya karibuni, wanaotaka mashine ya sebuleni iwake moja kwa moja kwenye gemu kama PS, watazame Bazzite, Linux nyingine iliyotengenezewa gemu. Kwa mashine ya kazi na shule na gemu kwa pamoja, mimi nabaki na Mint.

Mkalimani

Gemu iliyoandikiwa Windows haijui lugha nyingine. Wine, mradi ulioanza 1993, ni mkalimani wake: gemu ikisema "nifungulie faili ile", Wine inaigeukia Linux na kuomba kwa lugha ya Linux. Ni kama wale waongoza watalii wa Fort Jesus. Mjerumani anauliza kwa Kijerumani, anajibiwa kwa Kijerumani, hana habari kwamba hapo kati yamepita maneno ya Kiswahili na bawabu. Upande wa picha kuna mkalimani mwingine, DXVK, anayeigeuza Direct3D ya Windows kuwa Vulkan. Valve, wenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, waliwakusanya wakalimani hawa wakawapa nyumba moja wakaiita Proton, wakaitoa Agosti 2018. Kabla ya hapo niliwahi kutumia Jumamosi nzima kuisimamisha gemu moja. Siku hizi kwa gemu nyingi unabonyeza tu.

Fungua Software Manager ya Mint, tafuta Steam. Juu utaona imekuwekea uchague kati ya pakiti ya mfumo na Flatpak. Chukua ya mfumo. Ingia na akaunti yako. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "Compatibility", uhakikishe Steam Play, ndiyo hiyo Proton, imeruhusiwa kwa gemu zote. Matoleo ya karibuni huja tayari imewashwa. Basi. Gemu za Windows zitakuwa na kitufe cha kuzishusha kama nyingine.

Gemu ikigoma, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", kisha "Compatibility", uilazimishe kutumia toleo jingine la Proton. Mimi huanza na Proton Experimental. Ikigoma bado, natia GE-Proton kwa kutumia programu ya ProtonUp-Qt. Hiyo ni Proton iliyoongezewa viraka na mtu anayejulikana kwa jina la GloriousEggroll. Inasaidia hasa kwenye video za katikati ya gemu. Ukiona mahali pa video pametokea mistari ya rangi kama televisheni ya zamani baada ya taarifa ya usiku, hapo ndipo pa GE-Proton.

Kwenye hizo hizo "Properties" kuna sehemu ya "Launch Options". Hapo ndipo pa ile mistari ya ProtonDB. Mwenye kizazi cha nne cha Intel anaweza kuandika:

`PROTON_USE_WINED3D=1 %command%`

Inamwondoa DXVK na kumrudisha mkalimani wa zamani anayetumia OpenGL, lugha ya picha iliyoitangulia Vulkan. Ni mzee, hana mbio, lakini gemu za zamani anazimudu.

Na wa pwani wenzangu, huu hapa ni wenu:

`DXVK_FRAME_RATE=40 %command%`

Unaiambia gemu isichore picha zaidi ya 40 kwa sekunde. Inafanya kazi kwa gemu za DirectX 11, kundi lenye ile Direct3D, kurudi nyuma. Februari, upepo umekufa, feni inavuma kama tuktuk linalopanda daraja la Nyali, mstari huu unashusha joto na tokeni za stima zinakaa zaidi. Mchezaji wa gemu ya kilimo haoni tofauti. Wa gemu ya bunduki ataiona, na atalalamika.

Duka lisilo Steam: Epic na GOG zote zinaingia kupitia programu iitwayo Heroic. Gemu za PSP zinachezwa kwa PPSSPP na za PS2 kwa PCSX2, zote zina matoleo ya Linux, na PPSSPP haihitaji hata kadi. Pedi ya PS4 au PS5 chomeka kwa waya au iunganishe kwa bluetooth, itatambuliwa.

Vinavyowakwamisha watu

Kosa ninaloletewa kuliko mengine yote ni la diski. Kijana alikuwa na Windows, gemu zake GB 200 ziko kwenye diski ya pili. Anatia Linux kwenye diski ya kwanza, anaielekeza Steam kwenye ile ya pili, inaziona gemu zote, anashangilia. Anabonyeza "Play". Kitufe kinageuka kuwa cha kusimamisha, sekunde tatu, kinarudi "Play". Anabonyeza tena. Hakuna ujumbe, hakuna kelele. Anakesha akibadilisha Proton moja baada ya nyingine.

Diski ile imepangwa kwa NTFS, mtindo wa Windows. Proton ndani ya folda yake inatengeneza kiungo chenye jina `c:`, kwa nukta pacha, na nukta pacha kwa Windows ni haramu kwenye jina la faili. Juu ya hapo, kama Windows ilizimwa kwa ile njia yake ya haraka, Linux hukubali kuisoma diski tu na kukataa kuiandika. Dawa ni moja: hamisha vitu, ipange diski upya kwa ext4, mtindo wa Linux, uzirudishe gemu. Nami nilipoteza usiku mzima kwa hili mara ya kwanza, kwa hiyo sicheki mtu.

La pili ni kukwama-kwama. Gemu inaanza, kila kona mpya inaganda kidogo, kisha inaendelea. Hizo ni sheda, vijiprogramu vya kuchora mwanga na maji na moshi, ambavyo kadi inalazimika kuvipika mara ya kwanza inapovihitaji. Ni kama muuza viazi karai asiyekaanga mpaka uagize: wa kwanza wanangoja, wa baadaye wanakuta sahani imejaa. Cheza nusu saa, itatulia.

Steam inajua hilo, na hukushushia sheda zilizopikwa tayari na wengine. Shida ni kwamba hushuka tena na tena, na kwa mtu wa bando huo ni wizi wa mchana. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Downloads", utakuta "Shader Pre-Caching". Mwenye faiba nyumbani aiache. Mwenye bando la simu aizime, avumilie ile nusu saa.

Papo hapo kwenye "Downloads" kuna kitu ninachokipenda zaidi ya vyote walivyotia miaka hii: kuhamisha gemu kwa mtandao wa ndani, kilichokuja 2023. Ndugu wawili au marafiki wawili kila mmoja na akaunti yake na gemu ile ile; mmoja akishaishusha, mwingine anaipata kutoka kwenye kompyuta ya mwenzake bila kuishusha tena kwa intaneti. Steam zote mbili ziwe zimeingia mtandaoni, lakini gemu yenyewe inapita kwenye ruta, haili bando. GB 50 zinahama kwa kebo wakati mnakunywa kahawa chungu na kashata.

Stima ikikatika katikati ya apdeti, mashine ikawaka na kuanza kulalamika kuhusu pakiti, andika `sudo dpkg --configure -a` uiache ijipange. Ukiweza, nunua UPS ndogo, betri ya kuishikilia mashine stima ikikatika, kabla ya kadi kubwa.

Malipo: Steam hututoza kwa dola, na kadi ya Visa ya M-Pesa, ile ya kwenye simu, inakubalika. Ngoja punguzo kubwa la katikati ya mwaka au la Desemba. Gemu ya dola 20 unaweza kuikuta dola 5.

Inakoelekea

Watu huniuliza kama haya yatadumu, na swali ni la haki, maana tumeshaahidiwa zamani. Valve walileta Steam kwenye Linux 2013, na 2015 kampuni kadhaa zikauza kompyuta zilizoitwa Steam Machine. Zilikufa, kwa sababu wakati huo mkalimani hakuwepo na gemu zilikuwa chache. Mambo yaligeuka Steam Deck ilipotoka Februari 2022: kompyuta ya mkononi inayotumia Linux ndani, na wengi walioinunua hawajui wala hawajali. Wenye gemu ndio walioanza kujali. Oktoba 2025, kwenye hesabu ya Steam yenyewe, Linux ikapita asilimia 3 ya watumiaji kwa mara ya kwanza, na Novemba mwaka huo Valve wakatangaza Steam Machine mpya ya kuweka sebuleni.

Asilimia 3 ni ndogo. Mwenye gemu ya mpira bado anaweza kuipuuza akalala usingizi. Mimi nadhani ukuta wa anti-chiti hautavunjwa na fundi yeyote, maana si kazi ya ufundi. Utafunguliwa siku mkurugenzi fulani atakapoona anakosa pesa. Hilo laweza kuchukua miaka miwili au kumi. Ndiyo maana simwambii mteja anunue leo kwa kutegemea kesho. Nunua kwa gemu zinazokwenda leo.

Nyumbani kwangu Tudor mashine ya sebuleni ni slim ya kizazi cha sita, RX 550, Mint. Mtoto wa dada yangu anaitumia kwa Stardew Valley na masomo. Mpira anaufuata kwa jirani mwenye PS, na hatugombani. Anayeishika kuliko sote ni mjomba wetu, dereva wa trela, miaka mingi Kilindini kwenda Malaba. Siku moja nilimfungulia Euro Truck Simulator 2, ambayo ina toleo lake la Linux, hata Proton haihitaji. Nikamwanzishia Felixstowe, Uingereza, kwa kuwa ni bandari na wanaendesha kushoto kama sisi. Alitoka vizuri, taa, vioo, pole pole kwenye kona. Akapanda feri ya Dover akisema hii haina foleni kama ya Likoni. Aliposhuka Calais akashika kushoto yake kama kawaida, na lori la mbele likaja uso kwa uso. Alikanyaga breki kwa mguu wake wa kweli, sakafuni, mpaka sahani ya mahamri ikaruka.

Alipozoea akaendesha mpaka Ujerumani bila kunena. Kisha akaniuliza, hajageuza kichwa: "Mama, njia yote hii, mizani iko wapi? Hawana Mariakani yao?"

Nikamwambia yenye vituo vya mizani ni American Truck Simulator, ya watu wale wale, nayo ina toleo la Linux.

"Nitafutie hiyo," akasema. "Hii ni ya mchezo."

Iko kwenye orodha yangu ya Steam. Nangoja punguzo la Desemba.